Picha Namba Tisa

Jumapili ile Kyohei alikuwa anioe. Si kunioa kabisa, ni kuzungumza na baba tu, lakini kwa mwanamke wa miaka thelathini na sita aliyekwisha kuachika mara moja mambo hayo mawili hayapishani sana. Tulikuwa tumepanga kila kitu. Mkutano wa chama cha picha ungekwisha saa tisa alasiri, watu wangekula machenza yao na kutawanyika, kisha Kyohei angemsindikiza baba kwenye theluji akimbebea begi la kamera. Njiani angemwambia. Mimi ningetangulia nyumbani kuwasha hita na kujifanya sijui lolote.

Baba hakumtaka. Hakuwahi kuficha.

"Yule muuza miwani?" alikuwa akisema kila nikitaja jina la Kyohei. "Kila anayejipachika fremu usoni anaambiwa imempendeza. Hata Mama Sugawara aliambiwa amependeza, na ile miwani ilimfanya aonekane kama bundi. Mtu wa namna hiyo, utajuaje lini anasema kweli?"

"Kwenye picha hadanganyi, Baba."

"Ngoja. Atadanganya tu."

Nami nilikuwa na uhakika, kwa sababu kwenye picha ndipo tulipopendana. Majira ya vuli yaliyopita nilipeleka chamani picha yangu ya soko la samaki, nikiwa najiona nimefika. Kyohei aliiinamia, akasema, "Umepiga vitu sita humu. Wewe ulikuwa unatazama kipi?" Nilikasirika siku tatu nzima. Siku ya nne nilikwenda dukani kwake kumwambia kwamba nilikuwa natazama mikono ya yule mama muuza ngisi. "Basi mpige yeye," akanijibu, na macho yake yakakaa juu yangu kupita kiasi cha ushauri. Nilirudi nyumbani mashavu yakiniwaka, na baridi yote ile.

Mume wangu wa kwanza, yule wa Sendai, miaka minane alikuwa na neno moja tu: vizuri. Chakula vizuri, nguo vizuri, nyumba vizuri. Siku aliyoweka karatasi za talaka mezani ndipo nilipojua kwamba kwa miaka miwili alikuwa na mwanamke mwingine, na kwamba hakuna kilichokuwa vizuri. Kwa hiyo nilipoanza kutoka na Kyohei nilimwomba jambo moja tu.

"Usinivike kilemba cha ukoka. Hata siku moja. Picha ikiwa mbaya, sema. Mimi nikiwa mbaya, sema."

"Nitasema," aliniambia, na nikaona anamaanisha.

* * *

Mwalimu Hoshikawa, ambaye ndiye huzihakiki picha zetu, alikuwa ameteleza kwenye barafu mwezi Januari akavunjika nyonga. Chama kikamchagua Kyohei ashike nafasi yake kwa siku hiyo moja. Nayo haikuwa siku ndogo, maana mwezi wa pili ndipo tunapochagua picha moja ya kupeleka kwenye mashindano ya mkoa.

Utaratibu wetu ni wa zamani na hakuna anayethubutu kuugusa. Unafika ukumbini, unachomoa namba kwenye kopo, unaibandika kwenye picha yako. Jina liko nyuma, limelala juu ya meza. Humwonyeshi mtu picha kabla ya hapo, hata anayelala nawe chumba kimoja. Wakati wa uhakiki mwenye picha hasemi neno, hajitetei, hata kukohoa kwa kuashiria jambo hakuruhusiwi. Wote wakishahakikiwa ndipo picha zinapinduliwa, na mwenye jina anasimama, anainama, anasema, "Asante kwa mafunzo." Hata kama amechanwachanwa, anasema hivyo.

Mimi nilichomoa namba nne. Picha yangu ilikuwa ya batamaji.

Hapo lazima niseme ukweli. Batamaji ni wa baba. Miaka thelathini kila majira ya baridi, wakija mtoni kutoka kaskazini, baba amekuwa akiwapiga, na kila mwezi wa pili picha ya batamaji mezani ni yake. Hakuna haja ya kupindua. Lakini mwaka huu hakwenda mtoni hata siku moja. Alisema ni goti. Nilimwonea huruma, nikachukua asubuhi sita nikaenda kusimama palepale anaposimama yeye, nikapiga, nikachapisha moja yenye ukingo mweupe kama afanyavyo yeye. Nilijua kuna kitu hakiko sawa ndani yake. Sikujua ni nini. Nilitaka Kyohei aniambie.

"Namba nne," akasema Mama Sugawara wa duka la tofu, ambaye ndiye husoma namba.

Kyohei aliitazama. Nikamwona anainua macho kidogo, akamtazama baba aliyekaa mwisho wa safu, kisha akairudia picha.

"Hii..." akaanza. "Hii ni picha ya mtu aliyekomaa. Mnaona mabawa yalivyotandazwa? Mnaona mwanga? Mwanga huu hauokotwi, unasubiriwa. Nikisema niondoe kitu, sioni cha kuondoa. Nikisema niongeze, sioni cha kuongeza. Mbele ya picha hii mimi ni mwanafunzi."

Watu wakaguna kwa heshima. Wengine wakamwinamia baba kidogo, ingawa utaratibu haukuruhusu. Baba alikuwa amekaza shingo, ametazama dirishani.

"Kwa maoni yangu," Kyohei akamalizia, "hii ndiyo iende mkoani."

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Maana mimi nilijua yule batamaji alivyo. Miguu ilikatika chini. Mwanga aliousifu ulikuwa mweupe kupita kiasi, umeunguza bawa zima la kushoto. Kyohei, ambaye aliwahi kunikaripia kwa nukta ya vumbi, alikuwa amesimama mbele ya watu kumi na wanne akimpaka mafuta baba yangu kwa mgongo wa chupa. Na nikikohoa tu nimevunja utaratibu.

Namba tano, sita, saba na nane zikapita, naye alizihakiki vizuri, kwa upole, kila mmoja akipewa la kwenda nalo nyumbani. Mimi sikusikia hata nusu yake.

"Namba tisa."

Nilipoiona, nilishika ukingo wa kiti. Ilikuwa na mvuke, na kitambaa cheupe, na juu yake vitu viwili vya rangi ya ngozi vilivyofifia. Mtu mwingine angeweza kudhani ni mikate. Lakini kwenye ukingo wa meza kulikuwa na alama ya moto yenye umbo la ncha ya pasi, na alama ile niliiunguza mimi mwenyewe nikiwa na miaka kumi na miwili, kwenye chumba cha pasi cha duka letu la dobi. Ile ilikuwa mikono yangu. Na kamera inayofika chumba kile, ukiacha yangu, ni moja tu.

Kyohei hakujua. Angejuaje? Miezi minne baba hajamruhusu kuvuka kaunta.

"Namba tisa imekosea," akasema, na sauti yake ilikuwa ile ninayoipenda, sauti ya mtu anayesema kweli. "Mwenyewe anisamehe. Imekosea, na inaniuma kwa sababu kilichomo ni kizuri kuliko vyote vilivyo mezani leo. Hii ni mikono ya mwanamke anayefanya kazi. Aliyeipiga anaiheshimu kuliko kitu chochote. Hilo naliona. Lakini mikono yenyewe siioni."

"Labda ndiyo mtindo," akadakia mtu.

"Si mtindo. Tazameni, ukali wote umekwenda kwenye ukingo wa meza. Nyuzi za mbao unaweza kuzihesabu. Mikono ni ukungu mtupu. Halafu amejificha, amepiga kutoka mlangoni, kupitia ufa. Ushauri wangu kwake ni huu. Asogee hatua mbili mbele. Na aombe ruhusa. Mtu unayempenda usimpige picha kama unayemwibia. Arudie kesho asubuhi, picha ipo, haijapotea. Ila kulenga kwake kuna tatizo. Katikati pote pamepotea, na pembeni..."

Akanyamaza.

"Pembeni pana nini?" Mama Sugawara akamwuliza.

Kyohei alikuwa ameinama sana juu ya picha. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umekauka damu.

"Pembeni pako wazi," akasema polepole. "Nimemaliza. Tuendelee."

* * *

Picha zikapinduliwa. Ilipofika ya nne Mama Sugawara alisoma jina mara mbili, mara ya kwanza kimoyomoyo. "Togashi... Mizuho."

Nikasimama, nikainama. "Asante kwa mafunzo," nikasema. "Naomba kuiondoa. Isiende mkoani."

Sikumtazama Kyohei. Nilihisi macho yake yako wapi, lakini sikumtazama.

"Namba tisa. Togashi Tokuji."

Baba alisimama kwa shida, akainama kwa kina, kama anavyoinama mbele ya mwalimu mwenyewe. "Asante kwa mafunzo," akasema. Akapapasa mezani mpaka akaipata picha yake, akavaa koti, akatoka. Machenza yalikuwa hayajagawiwa. Katika miaka yote ya chama kile hakuna mtu aliyewahi kuondoka kabla ya machenza.

Nilikwenda jikoni kuosha vikombe kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi. Kyohei akanifuata, akafunga mlango.

"Mizuho."

"Chukua kitambaa ufute. Usisimame tu."

Akachukua. Tuliosha vikombe vitatu.

"Ulidhani ni ya baba," nikasema.

"Ndiyo."

"Ungejua ni yangu ungesemaje?"

"Ningesema mengine."

"Mazuri?"

"Hapana."

Angalau hilo alilisema wazi. Nikaweka kikombe chini kwa nguvu mpaka sahani zikalia.

"Kwa hiyo kila wiki unanifundisha mimi kusema kweli, halafu siku moja, siku moja tu ambayo kweli ilikuwa na bei, ukaiuza!"

"Nilikuwa naenda kumwomba binti yake saa ile ile. Picha yake iko mbele yangu. Nilitaka anipende, Mizuho. Sina neno lingine. Nilikuwa mwoga."

"Miezi minne nagombana naye kwa ajili yako. Miezi minne namwambia Kyohei hayuko hivyo. Leo umempa ushindi mbele ya watu." Machozi yalikuwa yananijia na sikuyataka. "Unajua mimi nilikaa na mwanamume wa vizuri-vizuri miaka minane. Sina nyingine minane."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingefanya." Nikajifuta uso kwa mkono wenye povu, povu likaniingia jichoni, nikazidi kukasirika. "Na ile namba tisa? Kwa nini ulinyamaza?"

Akafunga bomba. Ukumbini nilisikia watu wakijifanya wanazungumza juu ya theluji.

"Muulize mzee," akasema.

"Nakuuliza wewe."

"Siwezi. Nilimpa neno langu."

"Neno gani? Lini mlianza kupeana maneno, ninyi ambao hata salamu..."

Nikakoma. Maana kuna mambo ukiyaona moja moja hayana maana. Baba kuniletea lebo za nguo nimsomee, eti miwani ameisahau ghorofani. Baba kusema goti, wakati ngazi anazipanda kama kijana. Na tangu kabla ya mwaka mpya, baba kuongea nami akiwa ametazama pembeni, kila siku, hata mezani, nami nikidhani ananinunia kwa ajili ya Kyohei. Kumbe alikuwa ananitafuta. Kwa baba, anayelenga kwa mkono wake na hajawahi kulikosa hata jicho la ndege, ukungu wa katikati ya picha ile haukuwa kosa la kamera.

"Ni macho," nikasema.

Kyohei hakukubali wala hakukana. Lakini uso wake haukuumbwa kwa siri.

"Umejua tangu lini?"

"Mizuho, tafadhali."

"Tangu lini!"

"Desemba. Alikuja dukani kutaka miwani yenye nguvu zaidi."

"Miezi miwili. Umekula na mimi, umetembea na mimi, umenishika mkono, na jambo hilo unalo."

"Halikuwa langu la kusema. Lilikuwa lake."

"Lakini uongo juu ya batamaji ulikuwa wako wa kusema." Nikavua aproni nikaitupa juu ya sinki. "Usinifuate nyumbani, Kyohei. Leo wala kesho."

Akaniinamia. Nilitoka kwa mlango wa nyuma nikilia kama mtoto, na theluji ikinipiga usoni nikaishukuru.

* * *

Baba alikuwa chumba cha pasi, hajavua koti. Picha ilikuwa juu ya meza. Alinisikia nikivua viatu.

"Hita umeisahau," akasema.

Nikawasha hita. Nikaketi mkabala naye. Akageuza uso pembeni kidogo kunitazama, na safari hii nilijua kwa nini, na sikuweza kuvumilia.

"Kwa nini hukuniambia, Baba?"

"Amekwambia?"

"Hakuniambia. Nilimbana, akagoma. Nimejua mwenyewe, kwa picha yako."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeshindwa mchezo kwa haki.

"Nilimwapisha," akasema. "Nilimwambia nipe mpaka nimalize kitu kimoja, kisha nitamwambia mwenyewe. Siku ile alifunga duka mchana akanipeleka hospitali kwa gari lake, akakaa nami kwa muda wa saa tano kwenye benchi. Njia nzima mimi namtukana. Nilimwambia hata akinibeba mgongoni binti yangu hampati. Akasema, sawa mzee, lakini funga mkanda."

"Kitu gani hicho ulichotaka kumaliza?"

Akaigusa picha. "Hii. Batamaji ninao elfu nne kwenye makabati. Siku daktari aliponieleza, nilirudi nikawatafuta wewe na marehemu mama yako humo makabatini. Mama yako nilimpata mara sita. Wewe, tangu urudi kutoka Sendai, hakuna hata moja. Nikasema basi nipate mikono yake, mikono iliyobeba duka hili, nipate kabla haijawa ukungu. Nimekupiga wiki tatu kutoka kwenye korido. Kila nikichapisha, ukungu."

"Ungeniambia nisimame, Baba! Ningesimama mchana kutwa!"

"Ndivyo alivyosema yule," baba akasema. "Niombe ruhusa."

Akaisogeza picha kando.

"Kwa batamaji wako alisema upuuzi. Nilijua si wangu, na nilivyomsikia anamsifu nilitaka kumpiga kwa kiti. Lakini kwa tisa... miaka kumi, Mizuho, hakuna mtu pale aliyeniambia picha yangu imekosea. Wananiinamia tu. Leo mtu kaniambia kosa liko wapi, na nifanye nini kesho."

"Wewe umemsamehe. Mimi sijamsamehe."

"Mimi sijasema nimemsamehe."

Kengele ya mlango wa dukani ikalia. Tukatazamana, yeye kwa upande.

Alikuwa Kyohei, theluji mabegani, ameshika picha yangu ya batamaji niliyoiacha ukumbini, ameifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Alisimama upande ule wa kaunta, upande wa wateja.

"Nilikwambia usije," nikasema.

"Ulisema nisikufuate. Nimekuja kwa mzee." Akainama. "Mzee Togashi, leo nimehakiki picha moja kwa uongo. Naomba nafasi ya kuirudia. Nikimaliza nitaondoka, na mkiniambia nisirudi, sitarudi."

Baba akageuza uso pembeni kumtazama.

"Mlete ndani," akaniambia. "Avue viatu."

Basi Kyohei akaingia chumba cha pasi kwa mara ya kwanza. Aliona meza. Aliona alama ya moto kwenye ukingo, na nikamwona anaelewa. Aliitazama mikono yangu, kisha namba tisa, na macho yake yakajaa. Aliweka batamaji mezani.

"Mwenye picha asiseme," baba akasema. Ilikuwa amri kwangu.

"Namba nne," Kyohei akaanza. "Miguu imekatwa. Bawa la kushoto limeungua kwa mwanga, halina unyoya hata mmoja. Ndege yuko katikati kabisa, kama amekwenda kupiga picha ya kitambulisho. Hayo ni madogo, yanarekebishika kwa asubuhi moja. Kubwa ni hili. Aliyepiga picha hii hakumwona batamaji. Alisimama mahali pa mtu mwingine, akasubiri kile ambacho mtu mwingine angekisubiri, akaweka hata ukingo wa mtu mwingine. Alikuwa anataka kumfurahisha baba yake. Mizuho simwoni humu popote. Na nikimtazama vizuri, naona si kwenye picha hii tu. Tangu arudi nyumbani, amekuwa anaishi hivyo. Mimi leo nimefanya kosa lile lile alilolifanya yeye, tena kwa sababu ile ile, ndiyo maana nalijua. Ushauri wangu ni aende mtoni kesho akasimame pengine. Popote, lakini pengine."

Iliniuma. Iliniuma kwa sababu kila neno lilikuwa pahali pake. Kwa miaka mitano nimekuwa nikijiambia kwamba nimerudi kumsaidia baba. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nilirudi pia kujificha.

Sasa ilikuwa zamu yangu kusema asante kwa mafunzo. Sikusema. Badala yake nilimwuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa tangu jikoni.

"Baba atapofuka?"

Kyohei akamgeukia baba.

"Usimtazame yeye," nikasema. "Nitazame mimi."

"Sema," baba akasema taratibu. "Nimekufungulia."

Kyohei akanigeukia.

"Katikati, ndiyo. Sindano zinachelewesha, hazirudishi. Labda mwaka, labda miwili. Pembeni ataendelea kuona, hatagonga kuta, ataweza kutembea mpaka mtoni mwenyewe. Kusoma hataweza. Kulenga kamera hataweza. Na wewe," hapo akasita, lakini hakurudi nyuma, "akikutazama moja kwa moja, uso wako hatauona. Hiyo haitapona, Mizuho. Sitakudanganya."

Baba hakusogea. Mkono wake ulikuwa juu ya ukingo wa meza, umeshika mbao. Mimi nilisimama nikimtazama mwanamume aliyeniambia jambo baya kuliko yote niliyowahi kuambiwa, akaniambia mpaka mwisho, bila kulipunguza wala kukwepesha macho. Hasira yangu niliitafuta, sikuiona.

"Ndiyo," nikasema.

"Ndiyo nini?" Kyohei akauliza.

"Ulilotaka kumwambia baba njiani leo. Mimi kwangu ni ndiyo."

"Hajaniambia kitu njiani," baba akasema. "Nimerudi peke yangu, begi nimebeba mwenyewe."

Kyohei akapiga magoti palepale, kati ya vikapu vya mashati ya watu, akaweka mikono sakafuni na kuinamisha kichwa. "Mzee, namwomba Mizuho."

"Kaa hivyo hivyo kwanza," baba akamwambia. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, chukua shati moja, washa pasi. Ninaomba ruhusa."

Nilichukua shati. Mvuke ukapanda. Baba akaichukua kamera kwenye begi, akaja hatua mbili, akasimama karibu nami kiasi cha kusikia pumzi yake. Akaiinua, akainamisha kichwa huku, akainamisha kule. Akaishusha.

"Honma," akamwita Kyohei kwa jina la ukoo wake, kwa mara ya kwanza. "Inuka. Njoo unilengee."